Mpaka Nyumbani, Kilomita Ngapi

Machi 24

Naandika kwenye daftari la Mama la vipimo. Yeye anashona makava ya viti vya gari na anaandika kuanzia mbele: tarehe, mteja, urefu, upana. Mimi nimeligeuza na naanzia nyuma, nisije nikachanganya mambo yangu na makalio ya watu.

Leo nimeanza Kijapani. Asicheke mtu. Mimi nimeishia darasa la nne, siyo kwamba nilikuwa mjinga, ila la tano na mimi hatukupendana. Lakini mdomo ninao. Nauza vioo vya pembeni, taa, vitasa na redio za magari yaliyochinjwa, na mteja akija kutaka kitasa anaondoka na taa mbili. Lugha itanishinda nini?

Sababu ni moja. Kaka yangu, mtoto wa kwanza wa Mama, yuko Japani mwaka wa saba huu. Anafanya kazi kwenye yadi ya kuchinja magari. Wanayakata, wanayapakia kwenye kontena, yanakuja huku, mimi nauza. Sasa miezi sita hajapiga simu. Nikipiga namba ya yadi anapokea mzee mmoja, anaongea mbio kama anafukuzwa na mbwa, mimi nasema "Kaka! Kaka!", anakata. Mara nne. Basi nataka sentensi moja tu ya Kijapani: Kaka yangu yuko wapi?

Mama hajui kama napiga. Yeye ana neno la mwisho la Kaka, "Masika yakikolea nitakuwa nyumbani", amelishika kama tiketi.

Mwalimu wangu ni kile kiboksi cha dashibodi kinachomwelekeza dereva njia. Kilikuja na kontena la mwisho alilolipakia Kaka. Kioo kimekufa, hakuna mteja anayekitaka, imebaki sauti tu, ya dada mmoja mpole sana. Nimekiunga na betri ya gari juu ya kabati. Nimempa jina: Dada wa Dashi. Ukimwasha anataja tarehe, anakuambia ufunge mkanda, halafu anasema sentensi moja ndefu na kunyamaza.

Machi 27

Ile sentensi nimeiandika kama ninavyoisikia: Jitaku made, ichi man ni sen kiro desu. Sijui maana. Naiimba nikifuta taa.

Mama kwenye cherehani: "Unamlaani nani?"

"Najifunza, Mama."

"Wewe Kasuku, Kiswahili chenyewe hujakimaliza."

Kasuku ni jina alilonipa Kaka. Nilikuwa nikimwiga kila anachosema, mpaka anapiga chafya na mimi napiga.

Machi 28

Mvua ya kwanza. Hakuna mteja. Migi ni kulia, hidari ni kushoto.

April 2

Mteja kaja kutafuta taa ya nyuma. Nikamwambia kwa sauti ya Dada wa Dashi, taratibu, na kichwa nimeinamisha, "Anzen unten de, onegai shimasu." Akauliza ndiyo nini. Nikamwambia maana yake endesha salama, tafadhali. Akanunua na kioo. Kijapani kinalipa kabla hakijaiva.

Simu yangu inatafsiri neno moja moja, tena ulichape mwenyewe. Ukiisemesha inasikia kuku. Lakini na hivyo hivyo tunasonga. Kwenye kiboksi kuna kitufe chenye alama mbili, kama nyumba imekaa kwenye mvua. Nimezichora kwa kidole kwenye simu mara arobaini mpaka ikazitambua. Alama hizo zinasomwa jitaku. Maana yake nyumbani kwako.

Kwa hiyo ile sentensi ndefu inaanza na "mpaka nyumbani".

April 6

Leo nimemaliza namba. Moja mpaka elfu kumi, bila kukwama, Mama shahidi, ameziba masikio.

Nikaufungua wimbo wangu wa Machi 27 niutafsiri kwa madoido. Mpaka nyumbani, kilomita elfu kumi na mbili. Sawa, nikasema, kiboksi cha watu kinafikiri bado kiko kwao, kinaikumbuka nyumba ya mwenye gari. Nikakiwasha nikisikilize tena. Kikasema hassen nanahyaku. Elfu nane na mia saba.

Nikakizima. Nikakiwasha. Elfu nane na mia saba.

Nimefikiri nilikosea kuandika siku ile. Mtu wa darasa la nne unaanza kujishuku mwenyewe kabla hujakishuku kiboksi.

April 7

Elfu nane, mia tatu na sabini.

April 8

Elfu nane na arobaini.

Hakijasogea pale kabatini hata kidole. Nimekichorea alama ya chaki pembeni.

April 12

Siku tatu namba ni ile ile, elfu saba na mia nne. Nikafurahi, nikasema kimechoka. Nilikuwa naunganisha waya wa kioo, nacheka mwenyewe, Mama akasema bila kuinua macho, "Kasimama."

"Nani?"

"Anapumzika. Safari ndefu ina vituo." Akakanyaga cherehani.

Nikamwuliza nani amemwambia. Akaniambia nimpe uzi wa buluu.

April 15

Kimeanza tena kupungua. Leo amekuja Mihuri kuchukua redio yake. Mihuri ni wakala anayetoa makontena ya yadi bandarini. Tunamwita hivyo kwa sababu hata akikusalimia utadhani anakugongea mhuri. Yeye hesabu anazijua. Nikamwekea kama kitendawili: kitu kinakwenda kilomita mia tatu na thelathini kwa siku, usiku na mchana, mara kinasimama siku nne tano, halafu kinaendelea. Ni nini?

"Siyo gari," akasema. "Gari linakwenda zaidi. Siyo mtu wa miguu. Ndege ndiyo kabisa." Akajikuna kidevu. "Hiyo ni meli ya mizigo, tena ile ya taratibu, Kasuku. Na pale iliposimama ni bandari, inapakua na kupakia. Kwa nini?"

"Nataka kununua moja."

Alicheka mpaka mlangoni. Mimi niliguna tu. Kiboksi kiko hapa, juu ya kabati letu, karibu na birika. Kama kiko hapa, nani yuko kule baharini?

April 19

Nimepiga simu.

Nilijiandaa siku tatu. Sentensi yangu ilikuwa imeiva: Ani wa doko desu ka. Kaka yangu yuko wapi. Nilisubiri Mama aende kwa jirani kupima viti, nikakaa kwenye kiti chake cha cherehani, nikabonyeza.

Mzee akapokea. Nikasema moshi moshi, ndiyo halo yao, nikalitaja jina la Kaka, nikaitoa sentensi yangu. Sauti ni ile ile ya Dada wa Dashi, kwa sababu sina nyingine. Sijawahi kumsikia Mjapani mwingine akiongea taratibu. Mzee hakukata. Nilimsikia anavuta pumzi. Nafikiri alishangaa gari linampigia simu.

Halafu akaongea, taratibu, kama mtu anayemvusha mtoto barabara. Nikashika vipande. Jina la Kaka. San gatsu mikka, hiyo naijua, Dada wa Dashi ananisomea tarehe kila siku: mwezi wa tatu, siku ya tatu. Halafu neno refu moja, nakunarimashita. Neno hilo sikuwa nalo. Halafu akasema mambo mengi, mengi, sauti ikawa inakwaruza, na mimi nikawa naandika huku na huku kwenye daftari namna ninavyosikia.

Mimi nilikuwa na furaha! Niandike ukweli maana hapa ni kwangu. Nilikuwa nafurahi kwamba naelewa tarehe. Kila akitua najibu "hai, hai", yaani ndiyo, ndiyo, kwa bashasha, kama nauza taa. Mwisho nikamwambia arigatou gozaimasu, asante sana. Na kwa kuwa sijui kuaga namna nyingine, nikamalizia kama anavyomalizia Dada wa Dashi: endesha salama, tafadhali.

 Mzee akasema "hai". Akakata.

Nikalichapa lile neno kwenye simu. Nakunarimashita.

Amefariki.

Nikalichapa tena, herufi moja moja. Amefariki. Nikabadilisha herufi nikitegemea kwamba nilisikia vibaya. Simu ikaniuliza: ulikuwa unamaanisha nakunarimashita?

Nimemshukuru mtu kwa kuniambia kaka yangu amekufa. Nimemshukuru kwa bashasha.

Mama aliporudi nilikuwa nafuta kioo kisicho na vumbi. Akanitazama. "Umekaa kwenye kiti changu," akasema. Nikasema ndiyo. Hakuuliza zaidi, na mimi sikusema. Nitasema kesho.

April 20

Sikusema. Elfu tano, mia nne na ishirini.

April 22

Kama Kaka hayupo, nani anakuja?

April 24

Leo asubuhi nilipeleka betri kwa mtu wa chaji, nikaiacha kwake. Narudi, mvua inapiga bati mpaka huwezi kusikia mawazo yako. Naingia, Mama anasema, "Zimebaki elfu nne na mia moja."

"Nani kasema?"

Akaelekeza mkasi kabatini. "Huyo mwenzio."

Nikaangalia waya wa kiboksi. Ulikuwa unaning'inia, ncha mbili za shaba, haujagusa kitu.

Nimekaa na wateja mchana kutwa sijafanya mzaha hata mmoja. Mmoja aliniuliza kama naumwa.

April 27

Mama anashona kava dogo. Nimeliona likiwa chini ya vitambaa. Buluu, kile kitambaa kizito cha viti vya mbele, mshono mara mbili. Lina pembe nne na juu limefungwa. Siyo la kiti, siyo la usukani, siyo la kichwa cha kiti. Nimeshika makava tangu najua kusimama, hilo silijui.

"Mama, kiti gani hicho?"

"Kitakuja chenyewe."

"Umepimaje kitu ambacho hakijaja?"

"Wewe umeongeaje na mtu usiyemjua?" Akang'ata uzi. Nikafumbua mdomo nimjibu. Lakini alikuwa ameshapinda pindo lingine, na mguu uko kwenye cherehani.

April 30

Elfu mbili na mia moja. Mvua siku ya sita. Ukuta wa upande wa kabati umeota ukungu, na ukungu umekizunguka kiboksi bila kukigusa.

Jirani amekuja kukopa pasi, akasikia Dada wa Dashi anaongea, akasema, "Sauti nzuri. Anasubiri mtu?" Watu wengine wangezaliwa na kifuniko mdomoni.

Mei 3

Leo nilikata shauri. Nikazima redio, nikavuta kigoda, nikakaa mbele ya cherehani.

"Mama, kuna jambo la Kaka."

"Niache nimalize pindo."

"Mama, mimi nilipiga..."

"Kasuku." Hakupandisha sauti. "Mtu akiwa njiani hazungumzwi. Akifika tutazungumza."

Nikakaa pale kama mzigo ambao mwenyewe kausahau. Zamani nilikuwa nafikiri Mama anangoja kwa sababu hajui. Siku hizi namtazama mgongo wake ule, namna anavyoukaza kila namba inapotajwa, na sina uhakika nani kati yetu anamficha mwenzake.

Mei 5

Mia nne na themanini.

Mei 6

Mia moja na hamsini. Nimefua mapazia. Sijui kwa nini.

Mei 7

Juu ichi. Kumi na moja. Nilikaa nimeukodolea mlango macho siku nzima. Kila aliyepita na mwavuli nilimhesabu. Hakuna aliyeingia ila mteja wa vioo.

Mei 8

Kumi na moja.

Mei 9

Kumi na moja.

Mei 11

Kumi na moja. Siogopi tena, sasa nimekasirika. Nikamwuliza Mihuri kwa simu, kutoka kwetu mpaka getini bandarini ni umbali gani. "Kumi, kumi na moja hivi," akasema. "Kuna nini?"

"Kontena la yadi limeshashuka?"

"Lina siku nne. Limekwama forodhani, karatasi moja haieleweki, imeandikwa Kijapani chote. Wanasema kuna kitu ndani hakina jina kwenye orodha ya bidhaa."

Nimecheka. Mungu anisamehe, nimecheka mpaka nikaketi sakafuni. Kavuka bahari yote hiyo, na yeye anasubiri mhuri kama sisi wote.

Mei 13

Mihuri alikuja na picha ya ile karatasi. Nikamsomea nilichoweza, ambacho ni kidogo: jina la Kaka, tarehe ile ya mwezi wa tatu, na zile alama mbili za kitufe. Nikamwambia wapelekee, useme ni mtu, anarudi kwao. Mihuri alinitazama, akaangalia kiboksi, akaondoka bila kuchukua chai yake.

Mama hakugeuka. Kava limeisha, amelikunja magotini.

Mei 17

Wameliachia jana. Leo saa nne asubuhi kontena lilifunguliwa yadini kwa Mihuri, tukiwepo mimi na Mihuri. Likatoa ile harufu ya siku zote, oili na baridi ya mahali pengine. Milango imepangwa, injini zimefungwa kamba, na mwisho kabisa nusu ya mbele ya gari dogo jeupe. Tukapita kwa ubavu.

Kwenye kiti cha abiria kulikuwa na boksi limefungwa kitambaa cheupe. Limefungwa mkanda wa gari. Mkanda umekazwa vizuri, siyo kama wanavyofunga wapakiaji, kama unavyomfunga mtoto wako. Juu yake karatasi, na alama mbili zimeandikwa kwa mkono, nadhani wa yule mzee wa simu. Jitaku.

Mihuri akavua kofia. "Kasuku," akasema polepole, "hii siyo spea."

"Ndiyo maana haikuwa na jina kwenye orodha."

Kule Japani hawazikani kama sisi, wanachomwa, wanakuwa majivu. Hilo nililisoma April, usiku ule ule wa simu, nikajifanya sikulisoma. Nikabonyeza kitufe cha mkanda, ukarudi wenyewe ubavuni mwa gari kwa ile sauti yake ya nyoka. Nikambeba. Alikuwa na uzito wa mtoto wa miezi mitatu. Ndani ya pikapu ya Mihuri nilimpakata, nikafunga mkanda mmoja juu yetu wawili. Mvua ilikuwa nyepesi. Mihuri aliendesha salama, sikuhitaji kumwambia.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, amevaa nguo ya kutokea, kava liko mkononi. Mimi sijampigia simu. Mihuri hajampigia.

Kabla sijavuka kizingiti, kutoka juu ya kabati Dada wa Dashi akaongea. Na nililielewa kila neno, bila simu, bila daftari. Umefika eneo la nyumbani. Naishia hapa kukuelekeza. Halafu kitu ambacho hajawahi kukisema tangu nimjue: Otsukaresama deshita.

Masika yote Mama hakuwahi kuniuliza maana ya neno hata moja. Leo akauliza. "Anasemaje?"

"Anasema, pole kwa safari."

Mama akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa salamu zilizofika kwa wakati. Tukamweka Kaka juu ya meza ya cherehani. Akamvisha lile kava. Pembe zikaingia, mshono ukakaa, huwezi kupenyeza hata kucha. Akalipiga mkono mara mbili juu, anavyopiga kiti kilichomaliziwa.

"Karibu, baba," akasema. "Masika yameshakolea."

Hapo ndipo alipolia. Nami nikalia, kwa Kiswahili.

Mei 18

Mvua imekata. Watu wamejaa nyumbani, Mama yuko nao.

Nimewasha kiboksi. Kimetaja tarehe, kimesema nifunge mkanda, kimenyamaza. Sentensi ndefu hakina tena.

Mchana mteja alipiga simu, anataka makava yake ya viti vitano, anauliza kama vipimo vyake vipo. Mama akanipungia mkono nikaangalie mwenyewe. Nikaligeuza daftari, nikafungua upande wake, upande wa mbele, ambao sijawahi kuusoma. Mwandiko wake ule wa kuchora. Kurasa zake na zangu zimekaribiana, katikati zimebaki mbili tupu.

Nikampata mteja wa viti vitano, Februari 26. Chini yake, ukurasa ule ule, Mama ameandika:

Machi 3. Mwanangu wa kwanza. Urefu 25, upana 25, kimo 30. Buluu. Mshono mara mbili.